VIFURUSHI VYA MASASISHO VISIVYO RASMI: FAIDA NA HATARI ZAKE



Somo hili ni la kompyuta, lakini sikuliandika kwa ajili ya mafundi. Nimeliandika kwa ajili ya mwanafunzi anayetumia kompyuta ya shule mara mbili kwa juma, na kwa ajili ya ndugu zetu waliomaliza masomo hapa ambao sasa wana kompyuta ofisini au dukani mwao. Wengi wetu tumekwisha kusikia maneno haya: "Usijisumbue kununua mfumo mpya. Ninayo flashi yenye masasisho yote, nitakuwekea." Huenda aliyesema ni rafiki, huenda ni mwenye duka la mjini. Je, tumkubalie? Hilo ndilo nitakalolieleza, kwa kuwa hata hapa shuleni uamuzi wa namna hiyo unangoja, nao utagusa mtihani wa wenzetu wa Kidato cha Sita.

1. Mfumo endeshi na viraka vyake

Mfumo endeshi ni programu kubwa inayosimamia programu nyingine zote za kompyuta. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaosoma na kuandika kwenye diski, unaopokea herufi tuzipigazo na kuzipeleka mahali pake, tena ndio unaoamua nani aruhusiwe kufungua faili gani. Windows ni mfumo endeshi; Linux ni mwingine; macOS ya kompyuta za Apple ni mwingine tena. Programu ya kuandikia barua ikiharibika, twapoteza barua. Mfumo endeshi ukiharibika, au ukishikwa na mtu mbaya, twapoteza vyote, maana huo ndio wenye funguo za nyumba nzima.

Mfumo wa namna hii una mamilioni ya mistari ya maandishi ya programu, na hakuna wanadamu wawezao kuandika mistari mingi hivyo pasipo kukosea. Makosa mengine ni madogo, kama neno lililoandikwa vibaya katika dirisha. Mengine ni nyufa ambazo mwizi aweza kupenya. Kampuni yenye mfumo inapogundua ufa hutoa kiraka, yaani kipande cha programu cha kuziba mahali pale. Viraka vingi vikikusanywa na kutolewa kwa pamoja, Microsoft ilikuwa ikiviita Service Pack. Windows XP ilipata vitatu, cha mwisho mwaka 2008. Windows 7 ilipata kimoja tu, mwaka 2011.

Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kompyuta msemo huu una ushahidi wa tarehe. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha ufa uliokuwa katika njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kupeana faili. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, yaani siku 59 baadaye, programu mbaya iitwayo WannaCry ilianza kupita katika ufa huo. Ilifunga faili za watu kwa kufuli la hesabu na kudai dola 300 ili izifungue. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilipatwa. Huko Uingereza hospitali nyingi zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Nyingi sana za kompyuta zilizopatwa zilikuwa za Windows 7 ambazo kiraka chake kilikwisha kutolewa, ila wenyewe hawakukiweka.

Basi hapana shaka kwamba viraka ni lazima. Swali letu si kama tuviweke au tusiviweke. Swali ni hili: tuvipokee kutoka mkononi mwa nani?

2. Kwa nini watu walianza kujitengenezea

Sababu ya kwanza ni kwamba kampuni haizibi nyufa za mfumo wake milele. Windows XP ilitoka mwaka 2001, na masasisho yake ya kawaida yakakoma 8 Aprili 2014. Windows 7 ilitoka mwaka 2009, yakakoma 14 Januari 2020. Windows 10 ilitoka mwaka 2015, yakakoma 14 Oktoba 2025, ijapokuwa Microsoft ilitangaza mpango wa nyongeza kwa watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026. Kompyuta haifi siku hiyo. Asubuhi yake huwaka kama ilivyowaka jana. Lakini ufa utakaogunduliwa kesho hautazibwa, na wezi wanaijua tarehe hiyo kama sisi tuijuavyo.

Mwenye fedha hununua kompyuta mpya. Asiye na fedha hutazama kompyuta yake, akaiona nzima, akajiuliza kwa nini aitupe. Tena Windows 11 haikubali kompyuta nyingi za zamani, kwa kuwa hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Ndipo watu wenye ujuzi wakaanza kukusanya viraka, kuvipanga, na kugawia wenzao bure.

Sababu ya pili ni gharama ya intaneti. Mtu akiweka Windows 7 upya, atahitaji masasisho mengi sana ndipo mfumo ufike mahali ulipoishia. Katika nchi ambazo watu hununua bando la intaneti kidogo kidogo, kama kwetu Uganda, kupakua yote kwa kompyuta moja ni mzigo. Kwa kompyuta kumi na sita ni mzigo usiobebeka. Kifurushi kimoja ndani ya flashi chaonekana kuwa ni baraka.

Natoa mifano mitatu ya kweli. Wa kwanza ni AutoPatcher, programu iliyokusanya masasisho ya Windows mahali pamoja. Mwezi wa Agosti 2007 Microsoft iliwataka watengenezaji wake waache kugawa faili hizo. Baadaye ilirudi kwa namna nyingine: badala ya kubeba faili ndani yake, ilikwenda kuzichukua katika seva za Microsoft zenyewe. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hii, maana tutairudia.

Mfano wa pili ni kifurushi kilichotokea mwaka 2014, baada ya Windows XP kuachwa, ambacho watu walikiita Service Pack 4 isiyo rasmi. Microsoft haikutoa kamwe Service Pack 4 ya XP. Kazi hii ilifanywa na mpenzi wa mfumo huo kwa wakati wake mwenyewe.

Mfano wa tatu ni hila ya mwaka huo huo. Kulikuwa na ndugu wa XP aliyeitwa POSReady 2009, mfumo wa mashine za kupokelea fedha madukani, ambao uliendelea kupata viraka hadi 9 Aprili 2019. Watu waligundua kwamba ukiandika maneno machache katika rejista ya Windows, XP ya kawaida itajidai kuwa ni mashine ya dukani, nayo itapewa viraka vyake. Microsoft ikaonya kwamba viraka hivyo havikujaribiwa kwa XP ya kawaida, kwamba vyaweza kuharibu utendaji wake, na kwamba havitailinda kikamilifu.

3. Kilichomo ndani ya kifurushi

Tukifungua kifurushi kisicho rasmi, mara nyingi twakuta vitu vya aina tatu. Kuna viraka halisi vya kampuni, vilivyokusanywa tu bila kuguswa. Kuna faili zilizobadilishwa na mtengenezaji ili zikubali kufanya kazi mahali ambapo kampuni haikukusudia. Na kuna nyongeza: viendeshi vya vifaa, mapambo, programu ndogo ndogo, na mara nyingine zile programu za kuidanganya Windows iamini kwamba leseni yake imelipiwa.

Nitumie mfano wa dawa. Vidonge vikitoka kiwandani huwa katika kasha lenye muhuri, jina la kiwanda, na tarehe ya mwisho. Mtu akivitoa katika kasha lake, akavichanganya na vya makasha mengine, akavitia katika bahasha ya kaki na kuandika kwa kalamu "dawa ya homa", vidonge vyaweza kuwa ni vile vile vya kweli. Lakini muhuri umekwisha kuvunjika. Tangu hapo hatumwamini tena mwenye kiwanda. Twamwamini mwenye bahasha, na kila mtu ambaye bahasha ilipita mkononi mwake.

4. Hatari zenyewe

Hatari ya kwanza ni kutojua nani ameigusa. Mtengenezaji aweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini kifurushi chake kikinakiliwa na huyu na yule, kikawekwa hapa na pale, nakala iliyotufikia si lazima iwe ndiyo ile aliyoitoa yeye. Mwaka 2015 jambo hili lilitokea China. Waandikaji wa programu za simu za Apple hutumia chombo kiitwacho Xcode, ambacho Apple hukitoa bure. Lakini faili yake ni kubwa sana, na kuipakua kutoka seva za Apple kulikuwa kwa polepole huko China. Kwa hiyo baadhi yao waliichukua katika hifadhi za faili za nchini mwao, mahali ambapo mtu alikuwa ameweka nakala iliyotiwa sumu. Kila programu waliyoitengeneza kwa nakala hiyo ilibeba sumu ndani yake pasipo wao kujua, hata toleo moja la WeChat, programu itumiwayo na mamilioni ya watu. Sumu hiyo iliitwa XcodeGhost. Watu wale hawakuwa wajinga, walikuwa mafundi. Walikwepa ucheleweshaji tu, kama sisi tunavyotaka kukwepa bando.

Hatari ya pili ni cheo kinachodaiwa. Ili kifurushi kibadili mfumo, hakina budi kupewa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Mwenye mamlaka hayo aweza kusoma kila faili, kuzima kinga ya virusi, kuweka mlango wa siri, na kufuta alama zake. Programu ya mchezo isiyo na mamlaka hayo ikiwa mbaya, madhara yake yana mpaka. Kifurushi cha masasisho hakina mpaka. Tena vingine huandikwa maelezo kwamba kwanza uzime kinga ya virusi, "la sivyo haitakubali". Mgeni akikuambia umfunge mbwa kabla hajaingia uani, huenda ana sababu njema. Lakini yafaa umwulize sababu hiyo ukiwa bado umeshika lango.

Hatari ya tatu ni mpangilio. Kiraka hakiwekwi popote kama stempu. Kila kimoja hutazamia kukuta faili za toleo fulani, na vingine havina maana kabla ya vingine kutangulia. Kwa mfano, tangu Agosti 2019 masasisho ya Windows 7 yalitiwa saini kwa njia mpya iitwayo SHA-2 peke yake. Kompyuta ambayo haikupata kwanza sasisho la kuitambua saini hiyo haikuweza kuyapokea yaliyofuata. Mwenye kutengeneza kifurushi akikosea mfuatano huo, au akichanganya faili ya toleo jipya na ya zamani, mfumo waweza kuwaka leo na kuanguka keshokutwa.

Hata kampuni yenyewe huteleza. Mwaka 2018 masasisho rasmi ya Windows 7 yaliangusha kompyuta zenye prosesa za zamani zisizo na uwezo uitwao SSE2. Kampuni ile ina wafanyakazi wengi wa kujaribu na kompyuta za kila aina. Je, mtu mmoja mwenye kompyuta mbili au tatu chumbani mwake atajaribu aina ngapi?

Jambo la namna hii tumeliona hapa kwetu. Mwaka uliopita kompyuta ya maktaba ilipelekwa kwa duka moja la mjini kwa sababu ilikuwa nzito. Ikarudi ikiwa na kifurushi cha masasisho, sura yake mpya kabisa, na kwa siku mbili kila mtu aliisifu. Siku ya tatu ikaonyesha kioo cha buluu, wala haikuwaka tena. Diski ilipofutwa na mfumo kuwekwa upya, daftari la vitabu vilivyoazimwa likapotea, kwa kuwa halikuwa na nakala mahali pengine. Chama chetu kilikaa jioni za majuma mawili kikipiga upya majina ya vitabu kutoka kadi za zamani. Bahati yetu ilikuwa ni kwamba mzee mtunza maktaba hakukubali kuzichoma zile kadi alipoambiwa kwamba kompyuta imekuja.

Hatari ya nne ni usalama wa uongo, nami naiona kuwa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu akiisha kuweka kifurushi huona maandishi ya toleo jipya, akatulia moyo. Lakini kifurushi kimeziba nyufa za jana tu. Ufa utakaogunduliwa mwezi ujao nani atauziba? Mara nyingi kifurushi hicho huzima njia ya masasisho ya kawaida ili yasigombane nacho. Mtengenezaji akichoka, akioa, akipata kazi nyingine, kazi imekwisha, wala hatuna haki ya kumdai kwa kuwa hakutuahidi kitu. Mtu ajuaye kwamba mlango wake ni mbovu hulala macho. Yule adhaniaye kwamba umetengenezwa hulala fofofo.

Hatari ya tano ni zile nyongeza za leseni. Hizo ni kinyume cha sheria, na zaidi ya hayo ni mtego wa siku nyingi. Mwezi wa Desemba 2021 kampuni ya usalama iitwayo Red Canary ilieleza jinsi watu waliotafuta KMSPico, programu ya kudanganya leseni, walivyopewa nakala iliyobeba Cryptbot, mwizi wa maneno ya siri. Mwenye kuibiwa hivyo hawezi hata kulalamika kwa sauti.

5. Je, vyote ni vibaya?

La. Ningekosa haki kama ningesema hivyo. Mwishoni mwa Desemba 2005 ulijulikana ufa mbaya katika namna Windows inavyosoma picha za aina ya WMF, na wezi walikuwa wamekwisha kuanza kuutumia. Microsoft haikuwa na kiraka tayari. Ilfak Guilfanov, mtaalamu wa programu, akatengeneza kiraka chake na kukitoa. Wataalamu wa SANS wakakichunguza kipande kwa kipande, wakaona ni safi, wakawashauri watu wakitumie. Tarehe 5 Januari 2006 Microsoft ilitoa kiraka rasmi, na cha Guilfanov kikawa hakina kazi tena.

Tuangalie kilichokifanya kile kiwe chema. Mwenye kukitengeneza alijulikana kwa jina lake. Maandishi ya programu yake yalikuwa wazi kwa mtu yeyote kuyasoma. Wengine wasio rafiki zake walikipima. Kilifanya jambo moja tu. Na kiliweza kuondolewa.

Kadhalika Linux yote hutengenezwa kwa ushirika wa watu wengi duniani, na bado benki na mashirika makubwa huitegemea. Basi kosa si kwamba kitu kimetengenezwa na jumuiya. Katika Linux iliyopangwa vizuri, kama Debian, masasisho huja na saini ya kidijitali, na kompyuta huikagua saini hiyo kabla ya kuweka kitu. Hata hivyo nako si peponi. Tarehe 20 Februari 2016 wezi waliingia katika tovuti ya Linux Mint, wakageuza viungo ili watu wapakue nakala yenye mlango wa siri. Na tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa programu, alitangaza kwamba amegundua mlango wa siri ndani ya xz, chombo kidogo cha kubana faili. Aliyeutia alikuwa amejipatia imani ya wenzake kwa zaidi ya miaka miwili ya kazi iliyoonekana njema. Freund aliushuku kwa sababu kuingia katika kompyuta yake kulichelewa kwa nusu sekunde hivi. Nusu sekunde! Lakini aliweza kuifuata kwa kuwa maandishi ya programu yalikuwa wazi mbele yake. Katika kifurushi kilichofungwa asingekuwa na pa kuanzia.

6. Namna ya kukipima kifurushi

Mtu akikuletea kifurushi, mwulize maswali haya. Kimetengenezwa na nani, naye hupatikana wapi? Kina orodha ya kila kiraka kilichomo, pamoja na namba yake? Faili zinatoka kwa kampuni moja kwa moja, au zimebadilishwa? Hapa ndipo tunapoikumbuka ile tofauti ya AutoPatcher: chombo kinachokwenda kuchukua faili ghalani kwa mwenyewe ni tofauti sana na chombo kinachokuja na faili mfukoni.

Kisha kagua saini. Katika Windows, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, utafute ukurasa wa saini za kidijitali. Kiraka halisi cha Microsoft kina saini ya Microsoft. Faili ikibadilishwa hata herufi moja, saini hiyo huvunjika.

Tena kuna hesabu iitwayo hashi. Kompyuta husoma faili nzima na kutoa mfululizo wa tarakimu na herufi. Kwa hashi ya SHA-256 mfululizo huo una alama 64. Badili nukta moja katika faili, na mfululizo wote hugeuka. Katika Windows 7 na zilizofuata, andika katika dirisha la amri neno certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Linganisha na hashi aliyoitangaza mtengenezaji. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, hashi ikiwa imeandikwa ndani ya flashi ile ile iliyoleta faili, haithibitishi kitu, maana aliyebadili faili aweza kubadili na hashi. Pili, usitegemee hashi ya zamani ya MD5. Mwaka 2004 Wang Xiaoyun wa China na wenzake walionyesha namna ya kupata faili mbili tofauti zenye hashi moja ya MD5, na mwaka 2012 ikajulikana kwamba programu ya upelelezi iitwayo Flame ilitumia udhaifu wa namna hiyo kuigiza saini ya Microsoft yenyewe.

Kumbuka pia kwamba hashi husema faili haijabadilika tangu ilipotoka kwa mtengenezaji. Haisemi kwamba mtengenezaji ni mtu mwema.

7. Maoni yangu juu ya chumba chetu cha kompyuta

Kompyuta zetu kumi na sita zinatumia Windows 7. Msaidizi mmoja mwenye nia njema ametuletea kifurushi cha kuziweka sawa, na Mkuu wa shule ametaka maoni. Nilikipima kwa maswali ya hapo juu. Hakina orodha, faili zake kubwa hazina saini, na maelezo yake yataka kinga ya virusi izimwe. Kwa hiyo maoni yangu ni haya.

Kwanza, tusikiweke. Kompyuta ambazo watu watafanyia mtihani wa vitendo zisiguswe na kitu chochote kipya muhula huu, hata kama ni chema. Kompyuta ikianguka siku ya mtihani, mwanafunzi hapewi siku nyingine.

Pili, kompyuta hizo zikae bila intaneti. Lakini tusidhani kwamba hilo latosha, maana virusi husafiri pia kwa flashi. Conficker, iliyoanza kuenea Novemba 2008, ilipita hivyo katika kompyuta nyingi sana. Flashi zote zikaguliwe kwanza katika kompyuta moja iliyotengwa kwa kazi hiyo.

Tatu, viraka rasmi tulivyokosa tuvichukue kimoja kimoja katika Microsoft Update Catalog, ghala la Microsoft lenyewe, tuvipakue mara moja na kuvibeba kwa flashi hadi kompyuta zote. Bando litatumika mara moja tu, na saini zitabaki nzima. Kazi hii ingoje mtihani upite.

Nne, wakati wa likizo tuchukue kompyuta mbili zilizo dhaifu, tuziwekee Linux nyepesi, na tujaribu kwa muhula mzima kama yafaa kwa masomo yetu. Kwa njia hiyo tutapata mfumo wa bure ambao bado unazibwa nyufa zake kwa halali.

Tano, majina, alama na hesabu za shule zisikae katika kompyuta yoyote yenye mfumo ulioachwa, na kila Ijumaa nakala iwekwe mahali pengine. Maktaba imekwisha kutufundisha.

Wako katika chama chetu wasiokubaliana nami. Wanasema: kompyuta zisizo na viraka nazo ni hatari, na kusubiri ni kuchagua hatari hiyo. Wanasema kweli. Lakini hatari tunayoijua twaweza kuizungushia ua: tutang'oa waya wa intaneti, tutakagua flashi, tutaweka nakala. Kifurushi tusichokijua tutakikaribisha ndani ya ua wenyewe, na kukipa funguo.

Ndugu zetu mliomaliza, mkitaka kutusaidia, msituletee vifurushi. Tuleteeni leseni halali, au diski za kuwekea nakala, au siku moja ya wakati wenu mtufundishe mnayoyajua. Tutashukuru sana.

8. Maswali ya kujipima

(a) Eleza kwa nini kiraka kilichotolewa Machi 2017 hakikuwasaidia watu wengi mwezi wa Mei.
(b) Taja mambo manne yaliyofanya kiraka cha Guilfanov kiaminike.
(c) Kifurushi kimekuja kwa flashi pamoja na hashi yake iliyoandikwa humo humo. Je, hashi hiyo yathibitisha nini? Toa sababu.
(d) Mwenye duka anakuambia: "Mimi nimeweka kifurushi hiki katika kompyuta mia, na hakuna aliyerudi kulalamika." Mjibu kwa maneno yako mwenyewe, kwa adabu.

Majibu yaletwe kwa katibu wa Chama cha Kompyuta. Jibu bora la swali la (d) litachapishwa katika toleo lijalo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita